Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Somo la Liz Mills kwa Nakuru

Februari 2021 jijini Yaoundé, mchezaji wa Kenya Tylor Ongwae alirusha mpira katika sekunde za mwisho, ukatumbukia kikapuni, na Kenya ikaishinda Angola 74-73. Angola ilikuwa imetwaa ubingwa wa Afrika mara 11, ilhali Kenya haikuwa imecheza fainali za AfroBasket, mashindano hayo ya ubingwa wa Afrika, tangu zile za Nairobi mwaka wa 1993. Aliyekuwa akiongoza benchi la Kenya siku hiyo ni Liz Mills, Mwaustralia aliyekabidhiwa timu muda mfupi tu kabla ya safari. Miezi michache baadaye, jijini Kigali, akawa mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu wa timu ya wanaume katika fainali hizo. Kisha akaenda zake. Mwaka wa 2022 alikuwa na klabu ya AS Salé ya Morocco, na 2023 na klabu ya ABC Fighters ya Ivory Coast. Wapo wanaolalamika kwamba makocha wa aina hii hawatulii mahali pamoja. Lakini lalamiko hilo limebisha mlango usio wake. La kuuliza ni hili: mgeni alipoondoka, wenyeji walibaki na nini mikononi?

Kuhama huko ndiko kulikompa thamani. Mills alianza kazi yake ya Afrika mwaka wa 2011 na klabu ya Lusaka, akawa msaidizi katika timu za taifa za Zambia na Cameroon, na kila kituo kikamwongezea jambo. Alipofika kwetu Kenya alikuwa amekwisha kuuonja mpira wa vikapu wa bara hili kwa uzuri na ubaya wake. Huko Kigali, Kenya iliishinda Mali, kisha ikatolewa na Sudan Kusini kwa tofauti ya pointi mbili tu. Matokeo hayo yameandikwa na hayatafutika. Lakini namna ya kupanga ulinzi, ya kusoma udhaifu wa mpinzani na ya kugawa dakika za wachezaji haiandikwi kwenye ubao wa matokeo. Hiyo husafiri na mkoba wa kocha, isipokuwa wenyeji wawe wamekaa karibu naye wakaipokea.

Hapo ndipo Nakuru inapoingia. Tangu Desemba 2021 ni jiji, lina vyuo vikuu jirani, Egerton kule Njoro na Kabarak, na shule za upili zenye vijana warefu wenye hamu. Hata hivyo vigogo wa ligi ya vikapu, kama Ulinzi Warriors ya jeshi, Strathmore Blades na KPA, wako Nairobi na Mombasa. Wanajeshi wenyewe walituonyesha mfano wa pengo hilo: kwa miaka mingi timu yao ya soka, Ulinzi Stars, ilifanya uwanja wa Afraha hapa Nakuru kuwa nyumbani, huku ndugu zao wa vikapu wakibaki Nairobi. Kwa kuwa ujuzi hukwama huko waliko vigogo, mkataba wa kila kocha mgeni ungepaswa kuwa na sharti moja: siku kadhaa za kufundisha walimu wa michezo nje ya mji mkuu. Walimu wa Molo, Gilgil, Naivasha na Rongai wakutane ukumbi mmoja Nakuru, wamwone akiendesha mazoezi, wamuulize, wapinge, waandike.

Atakayepinga atamtaja Brother Colm O'Connell, aliyetoka Ireland mwaka wa 1976 akafundisha St Patrick's Iten na hakuondoka, hata akamlea David Rudisha hadi rekodi ya dunia ya mita 800. Je, si huyo kocha wa kweli? Ni kweli, ila tukumbuke kwamba alikuja kama mwalimu, na shule ndiyo iliyompa sababu ya kukaa. Timu ya taifa inayokutana wiki chache kwa mwaka haiwezi kumpa mtu sababu hiyo. Wa kukaa ni mwalimu wetu wa shule, na mgeni ni wa kumnoa.

Wengine watasema makocha wazawa wanatosha, kwani Cliff Owuor aliipa Kenya medali ya fedha ya mashindano ya AfroCan huko Bamako mwaka wa 2019. Nakubali, na ndiyo maana sisemi mgeni achukue nafasi yao. Nasema wazidi kuwa wengi, nao pia wapate fursa ya kuzunguka kama Mills. Kuhusu fedha, hoja kwamba kaunti ina zahanati za kujenga ni nzito, lakini hapa haombwi mtu kujenga uwanja. Panahitajika nauli ya matatu, malazi ya siku chache na ukumbi ambao tayari upo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji atapona akikaa mbali na mgeni, akisubiri kusomewa matokeo redioni.