Nani Akae Mbele?
Kuendesha baiskeli kutwa nzima na ndugu zako huzua ugomvi mmoja: nani akae mbele aukate upepo? Wanaomfuata kwa karibu hupumua, yeye anachoka. Akina Pettersson wa Uswidi, ndugu wanne, Gösta, Sture, Erik na Tomas, walipokezana zamu. Katika mbio za timu za takriban kilomita 100 wakatwaa ubingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1967, 1968 na 1969, pamoja na medali ya fedha ya Olimpiki ya Mexico. Kwetu (mnazijua familia zetu) kifungua mimba angetoa amri tu, na kitinda mimba angejificha nyuma mpaka jioni. Gösta, mkubwa wa hao wanne, alishinda mbio za baiskeli za Giro d'Italia mwaka 1971.