Maikrofoni ya Bei Nafuu Haina Hatia

Muuzaji mmoja pale Luthuli Avenue aliicheka maikrofoni yangu ya Sh3,000. Ati ni ya watoto kuchezea. Nikamwamini. Nikadunduliza miezi minane ninunue ya Sh40,000, na hadithi za nyanya yangu zikasubiri. Nyanya mwenyewe hakusubiri.

Kwa hivyo nina neno na nyinyi wajuzi wa vifaa. Mnapima sauti kwa risiti. Mwaka 1982 Bruce Springsteen alitoa Nebraska, albamu aliyoirekodi chumbani kwake kwa mashine ya kaseti ya njia nne na maikrofoni mbili za Shure SM57, zile za kawaida kabisa. Nani aliirudisha dukani?

Sisemi kila cha bei nafuu ni kizuri. Zii. Kuna waya zinazovuma kama mzinga wa nyuki, na kuna maikrofoni zinazokufa kabla mwezi haujaisha. Lakini hiyo yenu ya bei ghali, kwa kuwa ina masikio makali, ukiiweka chini ya mabati itanasa mvua, jogoo na bodaboda ya jirani. Dawa yake haiuzwi Luthuli: blanketi mbili, godoro ukutani, na mdomo shubiri moja kutoka kwa maikrofoni. Hivyo vyote nilikuwa navyo nyumbani.

Ile ghali nilinunua hatimaye. Iko mezani, inang'aa. Sauti ya nyanya niliyobaki nayo ni sekunde 19 za WhatsApp, akiniuliza nitakuja lini.