MFUPA KUUNGA SI KUPONA



Mwenzetu akivunjika muundi kazini, wote humhurumia. Akitolewa plasta na kuacha magongo, watu husema amepona. Neno hilo lina hatari, maana mfupa waweza kuunga kwa nguvu na bado ukaunga kombo.

Mguu ukipinda, uzito wa mwili huelemea upande mmoja wa goti na wa kifundo. Mpakia magunia huanza kwa maumivu ya jioni. Baada ya miaka goti laweza kulika.

Mara nyingi mfupa hupinda ndani ya plasta. Katika majuma ya kwanza uvimbe hupungua, plasta hulegea, na mfupa husogea. Ndiyo sababu daktari humtaka mgonjwa arudi kupigwa eksirei. Samaki mkunje angali mbichi: mfupa ungali laini, daktari aweza kuunyosha kwa kurekebisha plasta. Ukisha kukauka umepinda sana, dawa ni kuukata tena kwa operesheni, na miezi mingine bila kazi.

Wako wasimamizi wanaonung'unika kwamba siku za kurudi hospitali ni hasara. Twawauliza: siku moja ya eksirei na miezi ya operesheni, ipi hasara zaidi? Wala hatuombi sadaka. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri alipe gharama za matibabu, pamoja na operesheni na magongo. Akipata habari ya ajali, aipeleke kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika siku 7. Dai la fidia lipelekwe kabla ya kwisha miezi 12 tangu ajali, hata kama mguu haujapona.

Basi ndugu, usikose siku uliyopangiwa kurudi. Kabla ya kukubali cheti cha kurudi kazini, mwombe daktari akutazame umesimama: je, miguu ni sawa kwa urefu, na wayo waelekea mbele kama mwenzake? Usitie sahihi wala kidole gumba katika karatasi ya kumaliza madai kabla majibu hayajaandikwa, na nakala mpe mjumbe wa chama.

Na chama nacho kina wajibu. Katika mapatano yajayo tudai siku za kurudi hospitali zihesabiwe kuwa siku za kazi zenye mshahara. Mtu asilazimike kuchagua kati ya mguu wake na chakula cha watoto.