Tusingoje Mvua Kuitazama Milango Yetu

Askari akiulizwa bunduki yake ilisafishwa lini, hujibu bila kusita. Akiulizwa mlango wa nyumba yake ulipakwa rangi lini, hucheka. Sisi hatuoni la kuchekesha. Mpiganaji apelekwapo mbali kwa miezi mingi huwaacha nyuma mke na watoto, na kinachowakinga usiku si bunduki ile, bali ni ubao, bawaba mbili tatu na kitasa.

Twaijua hoja ya wenzetu: nyumba ni ya serikali, na kesho huenda tukapata uhamisho. Wapo hata ambao siku ya kuhama hukifungua kitasa kwa bisibisi wakaenda nacho. Ndugu anayeingia baada yao hukuta tundu ambalo jicho la mpita njia hulipenya hadi kitandani. Huo si uaskari.

Katika kambi moja tulimokaa, jirani yetu koplo aliona mlango wake umevimba katika mvua za Aprili. Akaazima randa, akaunyoa hadi ukafunga vizuri. Ilipofika Januari, ubao ulikuwa umekauka na kunywea, na pembeni mwa mlango pakawa na mwanya wa kupitisha vidole viwili. Panya waliingia kwa zamu. Kosa lake lilikuwa la wakati. Mbao hunywa unyevu zikatanuka kwa upana, wala si kwa urefu. Jua likirudi, hurudi zilivyokuwa. Afadhali kuvumilia mlango mgumu hadi kiangazi, yaani Juni au Desemba kwa sisi wa kusini mwa Uganda, ndipo ukatwe kidogo kama bado unagusa. Huko kaskazini, ambako mvua huanza Aprili hadi Oktoba, subira ni ndefu zaidi.

Tena si kila mlango unaokwama umevimba. Ukiona pembe ya chini, upande wa kitasa, inakwaruza sakafu, tazama kwanza bawaba ya juu. Mara nyingi skrubu zake zimelegea. Zitoe, chonga kijiti, kipake gundi, kigongelee tunduni, kisha uzirudishe. Kazi hiyo haifiki nusu saa, na haihitaji barua kwa mhandisi.

Rangi nayo hupakwa palipo na macho, na hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Maji huingilia ncha za mbao, juu na chini ya mlango, mahali ambapo hakuna mkaguzi anayeinama. Ushushe mlango, piga msasa, paka ncha zote. Anayetumia mafuta ya kitani asilikunje tambara lake na kulitupa pembeni, kwa kuwa tambara hilo huweza kuwaka lenyewe. Alitandaze nje likauke.

Mchwa hawapigi hodi. Njia zao za udongo hupanda kwenye miimo, hasa pale kuni zilipoegemezwa ukutani. Mlango wa mvule huwashinda kwa miaka mingi. Wa msonobari usiotiwa dawa huliwa ndani, ukabaki ganda la rangi. Gonga mwimo kwa kifundo cha kidole: ukisikia sauti ya mtungi mtupu, umechelewa.

Wenzetu polisi waliokulia katika vibanda vya bati, vile vilivyoitwa mama ingia pole, watasema mlango wa mbao ni anasa. Basi aliyeupata autunze.

Lakini tusimlaumu askari peke yake. Kwatamasta anayetoa mafuta ya bunduki kila juma hashindwi kuweka ghalani debe la rangi, msasa na skrubu, na kumpa kila kaya kidogo kabla ya mvua za Septemba. Na kamanda anayekagua vitanda na viatu apitie milango pia, hasa ya wale walio safarini. Kuna akina mama kambini ambao sasa hivi wanafunga mlango kwa kamba ya viatu.