Kielelezo Kikavu Dhidi ya Magendo ya Msandali

Magendo ya msandali yaliyoanza kuitikisa Samburu na sehemu nyingine za Kenya yamekwisha kuvuka mpaka hadi Karamoja. Habari hizo zinapoandikwa, hutajwa malori, magogo na walanguzi. Shahidi mmoja hutajwa kwa nadra: tawi kavu lililobandikwa kwenye karatasi na kuhifadhiwa kabatini mjini Nairobi.

Msandali wa Afrika Mashariki, ambao wataalamu huuita Osyris lanceolata, ni kichaka au mti mdogo uotao penye mawe na katika misitu mikavu. Mafuta yake yanukiayo yamo katika kiini cha shina na cha mizizi. Kwa hiyo mlanguzi haridhiki na kukata tawi. Hung’oa mti mzima. Aidha, mizizi ya msandali hufyonza maji na madini kutoka mizizi ya mimea iliyo jirani, hivyo si rahisi kuupanda upya mahali palipokwisha kuwa peupe.

Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007. Marufuku ya nchi moja haikutosha, kwani mali ilipenya kwa majirani. Mwezi Machi 2013, kwa ombi la Kenya, mkutano wa mataifa uliofanyika Bangkok uliiingiza misandali ya Burundi, Ethiopia, Kenya, Rwanda, Uganda na Tanzania katika Orodha ya Pili ya Mkataba wa CITES. Tangu hapo gogo lisilo na kibali halali halina ruhusa ya kuuzwa nje.

Lakini sheria huuliza kwanza: je, huu ni msandali kweli? Jibu limo katika hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Hebaria ya Afrika Mashariki ilianzia Amani, Tanganyika, mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Chuo Kikuu cha Makerere nacho kina hebaria yake. Kila karatasi ina tawi, na pembeni yake hati inayotaja jina la mmea, mahali ulipookotwa, tarehe na jina la mwokotaji. Hicho ni kielelezo kamili, sawa na kile kiwekwacho mbele ya hakimu.

Karatasi hizo zikikusanywa pamoja huonyesha pia mahali msandali ulipopata kuota. Hata hivyo zisomwe kwa uangalifu. Baadhi ya zile za zamani zina jina Osyris abyssinica, ingawa mti ni ule ule. Tena waokotaji wengi walifuata barabara. Mlima usio na karatasi si lazima uwe mlima usio na msandali. Doria isiuache.

Askari anayekamata magogo anao mchango wake. Gogo tupu, lisilo na jani wala tunda, humpa mtaalamu kazi ngumu. Pale mti ulipong’olewa, achukue tawi lenye majani, na matunda yakiwapo, alibane katikati ya kurasa za gazeti kuukuu, kisha aandike mahali, tarehe na jina lake. Tawi hilo litamsaidia mwendesha mashtaka leo. Likifikishwa hebaria, litawaambia watakaokuja kwamba msandali uliota pale, na kwamba alikuwapo mtu aliyeulinda.