Rula Haina Sikio

Wapo wanaoamini kwamba sauti ya gitaa hununuliwa pamoja na mbao zake. Mpingo wa Tanzania, ambao baadhi ya mafundi wa ng'ambo huutumia kwa mgongo na mbavu, husifiwa kana kwamba ndio unaoimba. Dai hilo lilijibiwa zamani. Mwaka 1862 Antonio de Torres, fundi wa Uhispania, aliunda gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi zilizogandishwa, lakini uso akauacha wa mbao njema, apate kuthibitisha kwamba uso ndio ubebao sauti. Gitaa hilo limehifadhiwa Barcelona.

Wapo pia watumwa wa rula. Husoma kitabuni "milimita 2.5", wakapiga randa kila ubao hadi hapo. Hawajui kwamba uso ukipunguzwa kutoka milimita 3 hadi 2.7, sehemu moja tu ya kumi, hupoteza zaidi ya robo ya ukakamavu wake. Na mbao mbili za mti mmoja hazilingani kwa ugumu wala uzito: kipimo kilichoufaa huu huufanya ule kuwa bubu, au huuacha upinde kwa mvuto wa nyuzi.

Fundi hana budi kuupinda ubao kwa vidole, augonge, ausikilize, ndipo arudie randa. Wapenzi wa ushairi wanalijua hilo: mizani kamili haijapata kuliokoa shairi lisilo na roho. Na mpingo uliochukua miongo mingi kukomaa haustahili kuishia kuwa mgongo wa gitaa lisilosikika.