Kompresa Mpya, Gari Kuukuu

Mercedes-Benz ya dizeli aina ya W123, iliyotengenezwa tangu 1976 hadi 1985, injini yake haichoki upesi. Kichokacho ni kiyoyozi. Mengi kati ya magari hayo yaliyouzwa Marekani yalifungwa kompresa ya General Motors iitwayo R4, fupi na nene kama sufuria, yenye sifa mbaya ya kuvujisha gesi. Ndipo wenye magari huikimbilia Sanden ya Kijapani, inayoziba vizuri zaidi. Shauri hilo ni jema, ila mtu asitarajie mbio: 240D haikuzidi nguvu za farasi 72, na kompresa yoyote itadai sehemu yake mlimani.

Lakini, ndugu msomaji, kabla hujagusa fedha ya karo ya watoto, muulize fundi wako. Je, ataosha mabomba? Kompresa iliyosagika huacha chembe za chuma, nazo huiua ile mpya. Je, atabadilisha chujio linalonyonya unyevu, na kuvuta hewa yote kwa pampu kabla ya kujaza gesi? Na oili je? Gari liliundwa kwa gesi ya R12, iliyobanwa na Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kuharibu ozoni. R134a iliyoirithi haichanganyiki na oili ile ya zamani. Tena hutaka kondensa kubwa zaidi, la sivyo kwenye foleni ya adhuhuri watoto watatoka jasho vile vile, na kompresa mpya imo.

Mwisho akuonyeshe kishikizo cha kuifungia. Kikikaa upande, mkanda utalika.